Sawa ya Nini?

Kila asubuhi Sifaeli alikunywa uji akiwa amesimama mlangoni. Mke wake, Anande, alikuwa akifunga mafungu ya mboga za kupeleka soko la Tengeru. Binti yao, Princess, alikuwa akitafuta soksi za shule. Nyumba yao ilikuwa kwenye mtelemko wa Mlima Meru, katikati ya migomba na kahawa.

"Baba Princess, kaa chini unywe vizuri," Anande alisema.

"Nimechelewa. Lesian ananisubiri barabarani."

Lesian alikuwa jirani yao. Kwao ni Oldonyosambu, upande wa pili wa mlima. Alikuja huku kutafuta kazi, akapanga chumba karibu na kina Sifaeli. Aliishi na mke wake, Naserian, na mtoto wao mdogo aliyeitwa Lengai. Lesian hakuwa na maneno mengi, lakini alicheka upesi. Yeye na Sifaeli walitembea pamoja kwenda kazini na kurudi.

Walifanya kazi kwenye machimbo ya kokoto. Mawe makubwa yalichimbwa kwenye ukingo wa mlima, yakapakiwa kwenye tipa, yakamwagwa ndani ya krasha. Krasha ni mtambo wa kuvunja mawe. Juu una mdomo mpana. Ndani kuna vyuma vizito vinavyobana jiwe mpaka lipasuke. Chini zinatoka kokoto za kujengea.

Sifaeli ndiye aliyeendesha krasha. Alikaa ndani ya kibanda chenye swichi, kando ya mtambo. Akiwa kibandani hakuweza kuona ndani ya mdomo wa krasha. Aliyeona ni Elinami, msimamizi wa kazi, ambaye alisimama juu. Jiwe likikwama, Sifaeli alizima mtambo, na Lesian akashuka mdomoni na mtaimbo kulikwamua.

Kelele za pale zilikuwa nyingi. Mtu hakumsikia mwenzake hata akipiga kelele. Kwa hiyo kampuni ilileta redio za upepo, zile ndogo za kushika mkononi. Sifaeli alipewa yake, Elinami yake, na Ludovick, dereva wa tipa, yake. Siku redio zilipofika, Elinami aliwaonyesha kitufe cha pembeni.

"Ukitaka kuongea, bonyeza. Ukimaliza, achia," alisema.

Mafunzo yakaishia hapo.

Redio zile zilipendwa sana. Watu waliongea kazi, na waliongea mengine pia. Ludovick aliulizia matokeo ya mpira. Aliulizia kama mama lishe ameshaleta chakula. Wenzake walimjibu kwa utani, na mchana ukaenda upesi.

Ilikuwa mwezi wa Julai. Baridi ilikuwa kali, na ukungu ulikuwa umefunika machimbo tangu asubuhi. Jiwe kubwa lilikwama. Sifaeli akazima mtambo. Lesian akachukua mtaimbo wake, akashuka.

Baada ya muda Sifaeli alisikia jiwe likianguka kwa kishindo. Alijua limekwamuka. Alishika redio akasubiri neno la Elinami. Siku zote Elinami alisema, "Uwashe," naye akawasha.

Redio ikakoroma. Sauti ya Elinami ikaja.

"...washe."

Kisha ukaja mkwaruzo, kama bati linaloburutwa. Kisha kimya.

"Sawa," Sifaeli akajibu.

Akabonyeza swichi. Mtambo ukanguruma.

Kupitia kioo aliona watu wakikimbia. Aliona Elinami amepiga magoti ukingoni, anapunga mikono yote miwili. Sifaeli akazima. Alitoka nje, akapanda ngazi, akatazama ndani ya mdomo wa krasha. Hakuna aliyemzuia asitazame, na baadaye alitamani wangemzuia.

Lesian alifariki kabla gari halijafika barabara ya lami.

Anande alipata habari akiwa sokoni. Aliacha mboga zake kwa mwenzake akakimbia nyumbani. Alimkuta Naserian amekaa sakafuni, wanawake wamemzunguka. Lengai alikuwa amelala mgongoni kwa mama mmoja. Naserian hakuwa analia. Alikuwa akiuliza swali lile lile.

"Kwa nini aliwasha? Alijua Lesian yumo. Kwa nini aliwasha?"

Anande aliketi sakafuni karibu naye.

Walimzika Lesian kwao, Oldonyosambu. Upepo ulivuma na vumbi likapanda juu ya kaburi wakati mchungaji akisoma. Sifaeli alisimama nyuma kabisa, nyuma ya watu wote. Baada ya mazishi, Sakaya, kaka mkubwa wa marehemu, alimfuata.

"Umekuja, tumekuona," Sakaya alisema. "Sasa nenda nyumbani. Mama yetu hawezi kukuangalia."

Sifaeli aliinamisha kichwa akaondoka.

Polisi walichukua maelezo. Elinami alisema, "Nilimwambia usiwashe. Nilimwambia Lesian bado yumo ndani. Akanijibu sawa, kisha akawasha."

Sifaeli alisema, "Aliniambia niwashe."

Maelezo hayakulingana, kwa hiyo watu walichagua wenyewe wa kumwamini. Wengi walimwamini Elinami. Wengine walisema Sifaeli alikuwa amelewa, ingawa pombe hakuwa anakunywa. Machimbo yalifungwa kusubiri mkaguzi wa usalama kazini amalize uchunguzi. Kanisani, watu hawakukaa kwenye benchi la familia ya Sifaeli. Sokoni, wateja wa Anande walipita wakitazama pembeni.

Siku moja Sifaeli na Elinami walikutana dukani.

"Elinami, kwa nini unadanganya?" Sifaeli aliuliza kwa sauti ya chini. "Nilikusikia kwa masikio yangu."

"Mimi ndiye ninayedanganya?" Elinami alisema. "Mimi niliyemwona akifa, na wewe ulikuwa umeniitikia sawa?"

Mwenye duka aliwatenganisha.

Tangu siku hiyo Sifaeli hakutaka kutoka. Alikaa nyuma ya nyumba, karibu na zizi la ng'ombe. Anande alimpikia loshoro, chakula alichokipenda tangu utoto. Maziwa yaliganda juu ya mahindi na ndizi, hakugusa.

"Labda hakusema washe," alimwambia mke wake jioni moja. "Labda mimi nina wazimu. Labda nilisikia nilichotaka kusikia."

Anande aliogopa. Kamba ya ng'ombe ilikuwa imetundikwa pale pale zizini. Aliiondoa, akaificha jikoni, na hakumwambia mtu.

Kesho yake alikwenda kwa Nancy.

Nancy alikuwa jirani, nyumba yao ikiwa ng'ambo ya mfereji. Alifanya kazi Momela, kwenye chumba cha redio cha hifadhi. Kazi yake ilikuwa kuwasiliana na askari wa wanyamapori na waongozaji wanaopandisha wageni mlimani. Wakati huo alikuwa nyumbani kwa mapumziko.

"Nancy mdogo wangu, naomba nikuulize kitu cha kazi yako," Anande alisema.

"Uliza, dada."

"Mtu anaweza kusema neno kwenye redio, mwenzake akasikia kinyume chake?"

Nancy aliweka kikombe chini. "Neno gani?"

"Elinami anasema alisema usiwashe. Baba Princess anasema alisikia washe."

Nancy alivuta kiti karibu. Kisha akasema, "Nadhani najua. Lakini sitaki kusema kwa kubahatisha juu ya kifo cha mtu. Niletee redio kama zile zile. Na umlete Elinami."

Kumpata Elinami haikuwa rahisi. Mke wake alitoka getini akasema hayupo. Anande alisikia mtu akikohoa ndani. Akapaza sauti ili asikike.

"Kaka Elinami, sikuja kugombana. Mume wangu hali, halali. Najua na wewe huli. Nancy anasema anaweza kutuonyesha kilichotokea."

Mlango ulifunguka. Elinami alikuwa amekonda. Ndevu zilikuwa zimemjaa.

"Mimi najua nilichosema," alisema.

"Najua unajua. Naye anajua alichosikia."

Elinami alitoka mpaka getini. "Stoo kuna redio za akiba," alisema mwishowe. "Nitaziomba kwa meneja."

Walikutana Jumapili baada ya ibada, nyumbani kwa Sifaeli. Naserian naye alikuwapo. Alikuwa amekuja na shemeji yake, Sakaya, kuchukua vyombo vyake chumbani. Anande alikwenda kumwambia kinachofanyika. Naserian alimsikiliza, akafunga kanga yake kiunoni.

"Nitakuja," alisema. "Mume wangu ndiye aliyekufa. Nataka kusikia mwenyewe."

Nancy alimpa Sifaeli redio moja, akamwacha sebuleni na wengine. Yeye na Elinami walitoka na redio nyingine, wakaenda mpaka mwisho wa migomba.

"Sema kama ulivyosema siku ile," Nancy alimwambia. "Kwa haraka ile ile."

Elinami alishika redio. Alishindwa mara ya kwanza. Kisha akabonyeza kitufe na kusema kwa mkupuo mmoja, "Usiwashe, Lesian bado yumo ndani."

Sebuleni redio ikakoroma.

"...washe, Lesian bado yumo ndani."

Sifaeli aliiweka redio mezani kama kitu cha moto.

Nancy alirudi ndani na Elinami. "Mmesikia nini?"

"Washe," Sakaya alisema. "Amesema washe."

"Sijasema hivyo," Elinami alisema. "Nancy alikuwa ubavuni mwangu."

Naserian alisimama. "Twendeni nje. Nataka nisimame karibu naye."

Wakarudi migombani. Naserian alisimama karibu na Elinami, bega kwa bega. Elinami alirudia maneno yale. Naserian alimsikia wazi kabisa akisema usiwashe. Kisha alitembea mpaka mlangoni akamuuliza Sakaya.

"Shemeji, umesikia nini?"

"Washe," Sakaya alisema tena, na sasa sauti yake ilikuwa imebadilika.

Naserian alikaa kwenye kiti.

Nancy aliishika redio mkononi, akaeleza taratibu.

"Ukibonyeza kitufe hiki, redio haiwi tayari papo hapo. Inachukua muda kidogo, kama kuvuta pumzi, ndipo inaanza kurusha sauti. Ukianza kusema kabla ya hapo, mwanzo wa neno haufiki. Sasa angalieni lugha yetu. Tunapokataza, katazo liko mwanzoni mwa neno. Usiwashe. Usimwage. Usishushe. Ile 'usi' ikikatika, kinachobaki ni amri ya kufanya."

"Mimi humwambia 'uwashe' kila siku," Elinami alisema polepole. "Kwa hiyo alisikia ninachosema kila siku."

"Ndiyo."

Naserian alimgeukia Sifaeli. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama tangu siku ile.

"Lakini hayo ya mbele yanasikika. Lesian bado yumo ndani. Hayo hukuyasikia?"

"Sikuyasikia, mama Lengai. Nilisikia mkwaruzo tu."

"Kulikuwa na mtu mwingine mwenye redio?" Nancy aliuliza.

Sifaeli na Elinami walitazamana.

"Ludovick," Elinami alisema.

"Kama alibonyeza wakati ule ule, sauti zenu ziligongana. Watu wawili wakibonyeza kwa pamoja kwenye chaneli moja, sauti zao zinazibana. Wa tatu anasikia mkwaruzo. Na wao wenyewe hawajui, kwa sababu ukiwa umebonyeza huwezi kusikia."

Naserian bado alikuwa anamtazama Sifaeli.

"Uliposikia hivyo, ulijibu nini?"

"Nilisema sawa."

"Sawa ya nini?"

"Sawa, nitawasha," Sifaeli alisema.

"Elinami," Naserian alisema, "na wewe uliposikia sawa, ulielewa nini?"

"Nilielewa kwamba hatawasha."

Nje, ng'ombe alilia kwa kiu, na hakuna aliyenyanyuka kwenda kumpa maji.

"Nilitaka awepo mtu wa kumchukia," Naserian alisema. "Ingekuwa nafuu kwangu."

Alisimama akatoka. Sakaya alimpa Sifaeli mkono, akampa na Elinami, kisha akamfuata shemeji yake. Naserian hakumpa mtu mkono. Jioni ile ile walipakia vyombo kwenye pikapu, akarudi Oldonyosambu na mtoto wake.

Sifaeli na Elinami walikwenda pamoja polisi na kwa mkaguzi. Walieleza waliyoyaona. Mkaguzi alizijaribu redio mwenyewe, akaandika. Aliwaambia pia jambo ambalo hawakutaka kulisikia.

"Hata kama redio ingesikika vizuri, mtu hashuki ndani ya mtambo ambao mtu mwingine anaweza kuuwasha," alisema. "Swichi kuu inazimwa. Inafungwa kwa kufuli. Ufunguo anakaa nao yule anayeshuka, mfukoni mwake. Redio ni ya kupeana habari. Haiwezi kuwa kufuli."

Aliwaambia machimbo hayatafunguliwa mpaka kufuli ziwepo, na mpaka kila anayeshika redio afundishwe. Kampuni ilimwomba Nancy afundishe, na wakubwa wake wakamruhusu.

Wafanyakazi walikaa juu ya mawe, kandokando ya krasha iliyozimwa. Ludovick alikaa mwisho. Nancy hakusimulia habari za Lesian, maana wote walizijua. Alinyanyua redio.

"Tuanze asubuhi, kabla ya kazi," alisema. "Unafanya nini ukikabidhiwa redio?"

"Unaiwasha," mtu mmoja alisema.

"Unaangalia betri imejaa. Unaangalia antena imekaza. Kisha unamwita mwenzako, mnajaribu. Asipokusikia mkiwa hapa chini, hatakusikia kule juu. Na usiinyanyue kwa kushika antena. Hiyo ndiyo inayorusha sauti, ikilegea umeikata ulimi."

Alimwita Dismasi, kijana mpya kazini, ajaribu. Dismasi alibandika redio mdomoni akapiga kelele. Kwenye redio nyingine ikatoka sauti ya kukwaruza isiyoeleweka.

"Isogeze mbali kidogo, upana wa kiganja," Nancy alisema. "Iwe wima. Usipige kelele, ongea kawaida. Kukiwa na upepo, upe mgongo. Sasa bonyeza. Ngoja. Vuta pumzi. Ndipo useme."

Dismasi akajaribu tena. Safari hii kila neno lilifika.

"Hivyo. Na ukimaliza, usiachie kitufe neno likiwa bado mdomoni, maana na mwisho nao unakatika. Sema 'ova', yaani nimemaliza, zamu yako, kisha achia."

"Na tukitaka kukataza?" Elinami aliuliza.

"Usitumie 'usi'. Tafuteni neno ambalo hata likikatika haligeuki. Semeni 'simama'. Semeni mara mbili: simama, simama. Likikatika la kwanza, la pili litafika. Na mtu yeyote akisikia 'simama', hata kama hajui ni ya nani, anasimama. Kwanza unasimama, maswali baadaye."

Kisha Nancy aliuliza, "Na anayeitwa anajibuje?"

Sifaeli alikuwa anatazama mikono yake.

"Anarudia," Sifaeli alisema mwishowe. "Hasemi sawa. Anarudia alichosikia. 'Elinami, umesema nisimame, Lesian yumo ndani.' Kama nimekosea, anisahihishe. Kama sikusikia, niseme sikusikia. Nisifanye kitu mpaka nimesikia."

Alisema jina la Lesian bila kukusudia. Watu waliinamisha macho.

"Hivyo hivyo," Nancy alisema.

Ludovick aliinua mkono. Hakusimama.

"Siku ile niliulizia chakula," alisema. "Nilibonyeza nikauliza kama mama lishe amefika. Hakuna aliyenijibu. Nikadhani mko mbali."

Uso wake ulilowa, hakuufuta. Hakuna aliyemlaumu, na hakuna aliyemwambia ni sawa.

Nancy alishusha redio. "Ndiyo maana chaneli ya kazi ni ya kazi," alisema kwa upole. "Kabla ya kubonyeza, sikiliza kwanza kama kuna anayeongea. Sema kwa ufupi. Mpira na chakula, tumieni simu wakati wa mapumziko."

Mzee mmoja aliyehusika na baruti akauliza kuhusu siku ya kulipua mwamba.

"Fataki za umeme, zile za kulipulia baruti, na redio havikai pamoja," Nancy alisema. "Mawimbi ya redio yanaweza kuiwasha fataki kabla ya wakati. Fuata umbali ambao fundi wa baruti ameuweka. Ndani ya umbali huo, redio na simu vimezimwa. Si kuacha kuongea tu. Vimezimwa kabisa. Hali kadhalika penye mvuke wa mafuta: usibadilishe betri ya redio karibu na tangi la dizeli au petroli. Cheche ndogo inatosha."

Machimbo yalifunguliwa. Sifaeli hakurudi kibandani. Alijaribu asubuhi ya kwanza, akaweka mkono juu ya swichi, mkono ukakataa. Meneja alimpa kazi nyingine. Kila asubuhi aligawa redio. Alipima kila betri, akajaribu kila kitufe, akamwita kila mtu kwa jina na kumsubiri arudie maneno. Wengine walimwona anazidisha. Aliwarudisha nyuma kimya kimya mpaka waseme vizuri.

Nyumbani alianza kula kidogo kidogo. Usingizi haukurudi wote. Wakati wa mavuno yeye na Anande walipeleka gunia la mahindi Oldonyosambu. Mama yake Lesian alilipokea. Naserian aliwapa chai, akakaa nao mpaka wakaimaliza, na hakusema mengi.

Mvua za vuli zilipoanza, mawe yalikuja yamejaa udongo, na krasha ilikwama mara nyingi. Siku moja Elinami alikuwa amekwenda Arusha mjini kufuata vipuri. Aliyesimama juu ni Dismasi. Jiwe likakwama. Efraimu, aliyeshika kazi ya Lesian, alifunga swichi kuu kwa kufuli yake, akatia ufunguo mfukoni, akashuka na mtaimbo.

Wakati huo tipa la Ludovick lilikuwa linarudi nyuma kuelekea mdomo wa krasha, limejaa mawe. Mvua ilikuwa inapiga. Ludovick alitazama kwenye kioo cha pembeni akaona ukingo tu. Dismasi aliliona tipa, akashtuka. Kufuli ilizuia krasha isiwake, lakini haikuweza kuzuia mawe. Katika kushtuka kwake alisahau yote. Alibonyeza na kusema papo hapo.

"Usimwage!"

Sifaeli alikuwa kwenye kibanda alimogawia redio. Redio yake ikatoa sauti.

"...mwage."

Alibonyeza kitufe ili aseme simama, lakini kabla hajafungua mdomo alikiachia. Alijua kwamba akibonyeza wakati Ludovick naye amebonyeza, watazibana. Akasikiliza. Hakukumbuka baadaye alisikiliza kwa muda gani.

Redio ikakoroma tena. Sauti ya Ludovick ikaja, ya kawaida, bila haraka.

"Dismasi, Dismasi, hapa Ludovick. Sijakupata vizuri. Nimesimama, simwagi kitu. Rudia polepole. Ova."

Ukapita muda mfupi. Sifaeli alimwona Dismasi kule juu akivuta pumzi.

"Ludovick, simama, simama. Efraimu yumo ndani ya krasha. Ova."

"Nimekupata. Umesema nisimame, Efraimu yumo ndani. Nimesimama, nimevuta breki, nazima injini. Ova."

Tipa likanyamaza. Dismasi alikaa chini kwenye matope. Sifaeli alitoka kibandani akapanda ngazi, zile zile alizopanda mwezi wa Julai. Alifika ukingoni, akatazama ndani.

Efraimu alikuwa ameinama, anapigana na jiwe. Injini na mvua vilikuwa vimemzuia kusikia lolote. Aliinua uso uliojaa udongo.

"Kuna nini, mzee Sifaeli?"

"Hakuna kitu," Sifaeli alisema. "Maliza kazi yako. Ukitoka, nipungie mkono."

Alibaki pale ukingoni, mvuani, mpaka jiwe lilipokwamuka na Efraimu akapanda juu. Kisha akashuka kwenda kumwambia Dismasi arudie tena, tangu mwanzo, namna ya kuita.

Jioni hiyo Efraimu alipita dukani akanunua mkate. Alifika nyumbani kwa miguu yake, akavua buti mlangoni. Mke wake akamletea maji ya moto, akamuuliza mbona udongo umemjaa mpaka masikioni.